Nukta Tatu Chini ya Landrova

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Kabla hujaitikia, jua kwanza unaandikiwa na nani. Unaandikiwa na fundi ambaye kutoka Manyoni mpaka mteremko wa Sekenke hana mwenzake. Juzi nimepita kando ya trekta bovu pale njia panda ya Kiomboi, trekta ambalo kuku walishaligeuza banda, nikakohoa mara moja tu, likawaka. Kuku wakatawanyika. Wapo wanaosema kulikuwa na watu wanalisukuma kwa nyuma, lakini watu wa hapa Misigiri unawajua kwa wivu.

Najua umeguna. Unaguna kwa pua, kama tairi linalotoa upepo polepole, halafu unasema, "Endelea, profesa." Uliniita profesa tangu wiki ya kwanza kwa sababu niliishia kidato cha pili, na mimi nikalipokea jina kama cheo. Mpaka leo kuna wateja hawajui jina langu la ubatizo. Wanakuja wanauliza profesa yupo, na mimi natoka uvunguni mwa gari nimejaa grisi mpaka kwenye kope.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja nimempa kondakta aifikishe Singida mjini, na kutoka pale itapata basi la kuja huko kwako Itigi. Nyingine naibandika kwenye geti la gereji kwa ile gundi ya viraka, ili atakayetaka kuibandua aondoke na geti. Kwa hiyo usishangae nikikukumbusha mambo unayoyajua. Kuna watu wamesimama nyuma yako wanasoma pia, na baadhi yao wana haki ya kuisoma kukushinda hata wewe. Msisukumane tu, geti lenyewe limeegemea bawaba moja.

Leo ni Jumapili mchana. Mvua inanyesha tangu watu walipokuwa kanisani, nami nimekaa kwenye kiti chako, kile tulichokitoa kwenye basi lililokufa. Sponji imeshika umbo lako, mjomba. Mtu mwembamba kama mimi nikikaa humo naonekana kama yai kwenye bakuli la ugali. Nimejaribu kulala kidogo, usingizi haukuja. Nimechoka. Uchovu wa spana naujua, ule unaoga unakula unaisha. Huu wa sasa naamka nao. Mikono inauma mpaka kwenye kucha, macho yana mchanga, na kinachonichosha hasa kiko mbele yangu juu ya magogo mawili: ekseli ya nyuma ya Landrova ya Mama Neema. Ina wiki tatu hapo. Mashine ya kuchomelea ipo, vijiti vipo, umeme haujakatika, hata ndoo ya majivu ipo na majivu yake makavu. Sijawasha.

Unakumbuka siku mama aliponileta? Nilikuwa nimevaa shati la shule nililolikata mikono ili nionekane fundi. Mama akakuambia, kaka, huyu hapa mtoto wako, shule imemtema. Ukaniangalia kutoka juu mpaka chini, ukanipa ndoo. Nilidhani ya kubebea spana. Ukanituma kwa mama lishe ng'ambo ya barabara nikaombe majivu, niyachekeche, nitoe makaa na mifupa ya kuku, nikuletee. Wiki mbili nzima kazi yangu ikawa hiyo. Vijana wa bodaboda wakaniita Mzee wa Jivu. Nilikuja kujifunza magari, nikawa kama msaidizi wa mganga.

Halafu likaja lile tela la mzee wa alizeti lililokatika shingo. Ukachomelea urefu wa kidole, ukazima mashine, ukaifukia sehemu ya moto kwa majivu, ukaagiza chai. Sukari vijiko vinne, mjomba, usibishe mbele za watu. Ukainywa mpaka masalia. Ukageuza chuma, ukachomelea kidole kingine upande wa pili, majivu tena, chai tena. Nikakuuliza kama tunachomelea au tumekuja harusini. Mzee wa alizeti akacheka mpaka akakohoa. Wewe hukucheka.

"Chuma kikipozwa haraka kinakasirika kimya kimya," ulisema. "Leo hakikwambii kitu."

Ulipomaliza ukavuta kamba kutoka ncha hii mpaka ncha ile, ukainama kuangalia kama chuma kimevutwa na moto kikapinda. Kila kazi, kamba. Hata bawaba ya mlango wa choo uliipimia kamba, nami nikasema choo hiki hakiendi popote, mjomba. Mwisho kabisa ukawasha mashine mara ya mwisho na kuweka zile nukta tatu, zimepangana kama mbegu tatu za alizeti, pembeni mwa ulipochomelea. Wilaya nzima ya Iramba ilikuwa na nukta zako. Kwenye matela, kwenye mageti ya shule, kwenye mashine za kukamulia mafuta, chini ya magari ambayo wenyewe walishakufa na watoto wao wanayaendesha.

Nilikuambia unajisifu kama mimi, ila wewe unajisifu kwa chuma. Ndipo ukaweka kikombe chini.

"Si za kujisifu, ni za kunitafuta. Kikivunjika, wajue pa kuja."

Nikauliza na mimi nitaweka lini za kwangu, maana nilikuwa nimeshachora nyingi ukutani, nyingine ina taji. Ukajibu nitaweka siku kitakapovunjika kitu na watu wamekusanyika, na mimi nikasema ni mimi. Nilidhani unanizungusha. Nilifikiri mtu hupewa alama kwa kazi iliyosimama.

Mama Neema alikuja mwishoni mwa kiangazi. Wasiomjua, ni yule mama mnunuzi wa mpunga anayeshuka kule mbugani Wembere wakati wenzake wote wameegesha magari, na kila mgonjwa wa kule chini masika hupandishwa na Landrova yake kwa sababu hakuna gari lingine linalofika. Alisema tairi zake ndogo. Udongo ule mweusi ukilowa unakuwa kama uji wa ulezi, gari linakaa kwa tumbo, linabaki linapiga makasia hewani. Alitaka tairi kubwa zenye meno, na alizitaka kabla mvua haijakolea.

Mimi nilikubali palepale. Wewe ukamwambia akae. Ukamwambia tairi kubwa ni kama mzigo wa kichwani, anayeumia ni shingo. Ukimvika tairi kubwa gari la zamani bila kumkaza ekseli, utakuwa umemtwisha bibi kizee gunia na kumwambia akimbie. Kwanza ekseli ya nyuma ishushwe, bomba lake lichomelewe bapa la chuma kwa chini, toka ncha mpaka ncha, ndipo tairi. Mama Neema akauliza siku ngapi. Ukasema chuma ndicho kitasema. Akanigeukia mimi. "Na wewe, mdomo kama honi, unasemaje?" Nikasema kwa kasi yangu mimi anaweza kusubiri kwa kusimama. Ukaenda kuchukua jeki.

Mjomba, zile siku mbili za mwanzo ndizo ninazozirudia kichwani nikikaa kwenye kiti chako. Tuliishusha ekseli wote wawili, wewe unaimba zile nyimbo zako za kwaya bila maneno, sauti ya nne peke yake, mpaka mtu asiyekujua angedhani unaumwa tumbo. Tukaisugua na brashi ya waya mpaka ikaonyesha rangi yake. Ukalikata bapa, ukaliweka mahali pake, ukalishikiza sehemu nne ndogo lisicheze. Ukanishika mkono ukanipitisha kidole kwenye upenyo, ukasema sikia hapa, na hapa, chuma kinatakiwa kupumua. Sikusikia kitu, lakini nilisema naam.

Ndipo simu ikaja ya msiba wa mkwe wako, kule Mtinko. Mkwe hazikwi kwa simu. Ulioga, ukavaa lile koti lenye kifungo kimoja, ukaondoka na gari la kwanza. Siku nne. Mlangoni uliniachia maneno, na nitayafikia. Hapo pana matope, acha nipite pembeni kwanza.

Acha nipitie kwenye tairi, maana hapo hata adui yangu hawezi kunidharau. Tairi zile zilikuwa zinanifika kiunoni. Nilipozijaribu mbele, ukikata kona tu zinang'ata madigadi. Fundi wa kawaida angekata kwa kukisia. Mimi nilichukua chaki, nikapaka upande wote wa ndani wa madigadi, nikamwambia Shabani, dereva wa Mama Neema, azungushe usukani mpaka mwisho, kulia, kushoto, halafu nikaingia chini kuangalia chaki imefutika wapi. Pale ilipofutika ndipo nilipokata, si zaidi hata upana wa kucha. Niliongeza jani moja moja kwenye springi ili tumbo linyanyuke, nikabadilisha na mabomba ya breki yaliyokuwa mafupi. Gari likasimama, mjomba. Watu waliacha kununua nyanya wakaja kulitazama. Mtoto mmoja akauliza kama lina ngazi. Shabani alipanda akasema kutoka juu huku anaona mpaka Shelui wanapika nini. Uliporudi na kuziona alama za chaki kwenye kile kipande cha bati nilichokikata, ulikigeuza mara mbili ukasema hii hukufundishwa na mtu. Ndiyo sifa pekee uliyowahi kunipa bila kuweka "lakini" mwishoni. Kipande kile bado ninacho.

Mama Neema alipokuja kuchukua gari wewe bado ulikuwa msibani. Yeye tairi hakuziangalia. Alitandika khanga chini, akalala chali kama fundi, akapenya uvunguni. Unamjua. Hachukui chuma Misigiri mpaka azione nukta tatu. Alizikuta. Akatoka anajipangusa, akasema, "Haya, mjomba wako kapita hapa," akaondoka.

Gari lilipita, hilo kila mtu ameliona. Wiki mbili lilipita mahali ambapo trekta zilikuwa zinavutana mikia. Lilimpandisha mama wa mapacha. Lilimpandisha na yule mzee aliyeumwa na nyoka, ambaye leo anatembea na fimbo akimsimulia kila mtu, na nyoka kila mwezi anazidi kurefuka. Mimi nikawa napita mtaani natembea katikati ya barabara.

Wiki ya tatu ekseli ikakatika.

Haikukatikia kwenye mwendo, Mungu mkubwa. Walikuwa wanatoka mbugani na mzigo, polepole, gari likaingia kwenye mfereji wa maji, na bomba likavunjika pembeni kabisa ya lilipochomelewa, upande wa kushoto. Tairi likajikunja ndani kama mguu wa ndama aliyekosea kusimama. Landrova ikalala ubavu. Mpunga wa watu ukaingia majini. Mama Neema akatokea dirishani. Shabani mkono ulivunjika kwenye kiwiko, na mpaka leo haunyooki. Akikusalimia anakupa wa kushoto.

Tulikwenda mimi na wewe na ile pikapu ya kuazima, mnyororo na jeki mbili. Nakumbuka njia nzima hukuimba. Kufika, watu wamejaa, wengine walikuwa wenye mpunga. Ukavua koti, ukalala kwenye tope, ukaingia chini. Ukapangusa udongo kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Ukakaa kule chini muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Mimi nilikuwa nimeshika jeki, nakiona kisogo chako tu.

Mama Neema akainama. "Fundi, alama ya nani hiyo hapo?"

"Yangu, mama."

"Basi na mkono ni wako."

"Ndiyo. Ni mimi."

Ulitoka na tope mpaka kwenye nyusi. Hukunitazama. Uliomba mnyororo. Mimi mwenye mdomo kama honi, siku ile betri ilikufa.

Unajua yaliyofuata, lakini huko Itigi ulikimbilia kabla hujayaona yote, na mengine uliyaona ukayameza, kwa hiyo ngoja yaandikwe. Maneno yalitembea kuliko basi. Sokoni watu wakawa wanainama chini ya matela yao kutafuta nukta tatu, si kwa imani kama zamani. Mmoja alikuuliza mbele ya kahawa kama tatu maana yake ni kuvunjika mara tatu. Ukamwambia moja inatosha, ukamlipia kahawa yake. Halafu akaja mzee wa alizeti, yule yule wa tela la kwanza, mtu aliyekuwa akila nawe Pasaka. Alisema kwa adabu, amevua kofia, kwamba analiuza tela na wanunuzi wakiona zile nukta wanaogopa. Kama fundi anaweza kuziondoa.

Uliwasha grinda mwenyewe. Ningekuwa mtu ningekunyang'anya. Nilishikilia tela lisitikisike, nawe ukazisaga moja moja, cheche zinakurukia kifuani, mpaka chuma kikawa laini kama hakijawahi kuguswa na mtu. Tela lile lilikuwa na miaka minne linabeba alizeti na mshono wako haujafumuka hata unywele. Mzee akashukuru. Ukapangusa grinda, ukaitundika, ukaniambia nimwagie majivu mapya kwenye ndoo, yale yamelowana.

Wiki iliyofuata ukasema binti yako Rehema amekuomba uende ukakae naye, mjukuu anahitaji babu. Funguo ukaziacha kwenye msumari. Sasa nasikia unatengeneza baiskeli za warina asali, unazibia pancha kibarazani. Nikikupigia simu unaniuliza kama nimekula. Unauliza mvua. Unaniambia asali ya mwaka huu nyepesi. Hata siku moja hujauliza habari ya ekseli, na mimi kila tukimaliza kuongea nabaki nimeshika simu kama mtu aliyepewa chenji ya bure.

Wateja waligeukia kwangu, ndiyo. Wananiita kijana wa tairi kubwa. Wanasema mwanafunzi kampita mwalimu, wanasema mbele yangu, na mimi nimewahi kutabasamu. Nimefunga tairi kubwa kwenye magari sita tangu uondoke, tairi tu, na kila anayetaka ekseli ikazwe namwambia vijiti vimeisha. Nimesema uongo huo mpaka muuza vijiti mwenyewe amekuja kuniuliza nanunua kwa nani.

Sasa Mama Neema amerudi. Amepata bomba lingine la ekseli, zima, kutoka kwenye Landrova iliyokufa, na tairi zake zile zile. Mvua hii unayoisikia huko ndiyo hii hii, na kule mbugani hakuna gari linaloshuka. Jumatano walimpandisha mama mjamzito kwa kitanda cha kamba, wanaume wanane wakipokezana, matope magotini. Alifika salama. Anayefuata sijui. Mama Neema alisimama hapa mlangoni akaninyooshea kidole. "Mchomeleaji ni wewe. Mikono ya mjomba wako sitaki iguse gari langu tena, namheshimu lakini sitaki." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kinyiramba, maneno ya sifa ambayo sitayaandika hapa. Mjomba, kusifiwa kunachosha kuliko kubeba injini.

Juzi mama naye amekuja, kaleta mlenda na ugali wa mtama. Akakaa hapo kwenye tofali, akaitazama ekseli, akaniuliza kaka yake alikosea nini hasa, maana yeye amekaa na wewe tangu utoto na hajawahi kukuona unaharakisha kitu, hata kula. Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikakumbuka bibi alivyokuwa akisema kwamba kwetu mpwa akivunja chungu, anayeulizwa ni mjomba. Tulikuwa tunacheka. Nilikuwa navunja vyungu kwa raha zangu. Sikujua kama kuna mtu angelifuata neno lile mpaka ndani ya tope la Wembere, akalala chali na kulitimiza.

Mama alipoondoka nilijaribu kuwasha mashine. Nikavaa miwani, nikashika kijiti, nikataka kugusa. Sikuweza. Kila nikiinama naona kiganja chako kinapangusa udongo.

Basi nimefika kwenye matope niliyoyaruka. Shabani, ukisoma hapa, usije, nakuja mimi kwako jioni hii. Mama Neema, ukitaka kuchukua ekseli yako ichukue, na nyinyi wote mnaosoma rudini mkayaombe radhi mageti yenu na matela yenu. Na wewe mjomba, sikuombi urudi. Kiti kipo, majivu yapo, ekseli inasubiri mtu mwenye subira. Ukija nitachekecha majivu tena wiki mbili. Usipokuja nitaelewa. Msalimie Rehema, mbebe mjukuu, punguza sukari.

Ulipokuwa unatoka kwenda kumzika mkwe wako, pale mlangoni uliniambia, "Usiwashe mashine. Nikirudi tutafanya wote." Ulikuwa hujachomelea hata kidole kimoja, ila zile sehemu nne za kushikiza. Ekseli ile niliichomelea mimi, peke yangu, mchana mmoja, bila kupumzika, toka ncha mpaka ncha, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Mama Neema kasi yangu. Majivu nilikuwa nimechoka nayo, nikaimwagia maji ndoo mbili ipoe upesi, ikalia kama mtu, nikacheka. Kamba sikuvuta. Uliporudi ukaniuliza kama nilifuata kidole, majivu na kamba, nikasema nilifuata vyote, ukasema kama ni hivyo basi, ukaniamini. Na kwa kuwa nilijua Mama Neema asingeondoa gari bila kuziona, niliwasha mashine mara ya mwisho, nikalala chini ya Landrova, na nukta zako tatu nikaziweka kwa mkono wangu.

Ni mimi,

Mpwao.